Santuri za Kufukuzia Ndege

Nyemo mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa matarumbeta, umesema tusikusubiri kula. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari nimeliweka juu ya ndoo, naandika upesi kabla hujarudi. Mwandiko wangu unaujua. Ukikutana na neno limekaa vibaya lisome kwa sauti, utalisikia tu ninavyolisema.

Sikuandikii habari ya maji ya kuchemsha, wala sweta, wala kukumbatia begi pale Namanga. Hayo nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, sasa unarudia kama matangazo ya redio." Ni kweli. Nilikuwa nayasema kwa sababu nikinyamaza naogopa. Mdomo ukishika habari ya sweta hauwezi kushika lile jingine. Sasa hilo jingine ndilo nakuandikia. Nikilisema mbele yako nitalia, na wewe ukiniona nalia utaahirisha safari, halafu nitakuwa nimekuharibia.

Naogopa, Nyemo. Leo kule Mtumba ninakopika nimetia chumvi mara mbili kwenye maharage ya vibarua. Wamekula kimya, mmoja tu ndiye aliyeniuliza, "Mama Nyemo, leo unatukomesha au umefiwa?" Nikamwambia sijafiwa, mtoto anasafiri. Akasema, "Basi pole, ni karibu kilekile." Wenzake wakamzomea, lakini mimi sikuona amekosea.

Habari za mjomba wako Yona umezisikia vipandevipande. Nataka uzipate nzima, kwa sababu unakwenda Nairobi, mji uleule aliokwenda yeye, kwa kazi ileile, na tarumbeta mkononi vilevile. Na katika ukoo wetu huo mji haujarudisha mtu.

Mimi shule niliacha darasa la nne kwa sababu ya ndege. Watu wa siku hizi nikiwaambia hivyo wanacheka, lakini mtu wa Bahi anaelewa. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea wanakuja kama moshi, na mkilala asubuhi moja mmekwisha, mwaka huo mtakula ahadi. Basi baba akanijengea dungu katikati ya majaruba ya mpunga, kitanda cha miti juu ya nguzo, nikae pale na kombeo langu tangu kabla ya jua mpaka ndege waende kulala. Mwalimu alikuja mara mbili kuniulizia. Mara ya tatu hakuja.

Yona alikuwa mkubwa wangu kwa mbali. Yeye alisoma, na tarumbeta alijifunzia shuleni kwenye bendi, kisha akaingia bendi ya dansi hapa mjini Dodoma. Jumamosi mchana, kabla ya kwenda kupiga muziki, alikuwa anakuja shambani kunipokea zamu. Anakuja na suruali ya bugaluu, pana chini kama sketi, anaikunja mpaka magotini ndipo aingie kwenye tope. Baba akimwona anasema, "Huyu kwelea naye katoka wapi?" Yona anajibu, "Shikamoo baba, mimi ni yule anayekula cha mjini, mpunga wako sigusi."

Tulikuwa na mwito wetu wa kufukuza ndege, mimi na yeye. Sauti inapanda mara mbili, halafu inaanguka, halafu kimya kidogo, halafu inapanda tena. Mimi naita kwa mdomo kutoka kwenye dungu, yeye ananijibu kwa tarumbeta kutoka upande wa pili. Wazee walikuwa wanasimama njiani kusikiliza. Ndege sijui kama waliogopa. Mimi ndiye nilikuwa nafurahi.

Kisha bendi yao ikapata safari ya Nairobi, kwenda kurekodi. Sasa sikiliza ilivyokuwa siku ya kumuaga, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa na hakuna aliyeliona, lilikuwa limevaa nguo ya kawaida. Kila mtu alimwagiza. Mama aliagiza kitenge. Baba aliagiza redio. Shangazi aliagiza miwani, na macho yake yalikuwa yanaona mpaka stesheni. Mimi niliagiza raizoni, vile viatu vya soli nene walivyokuwa wanavaa wasichana wa mjini. Sikuwa hata na mahali pa kuvivalia, ningevivaa kwenye tope. Nikamshika shati nikamwambia, "Usipoleta usije." Watu wakacheka. Baba akafunga kwa maneno ambayo wazee wote wanafungia: "Nenda salama, ila usirudi mikono mitupu." Yona naye akacheka, akapanda gari.

Kwetu kumwagiza msafiri ndiyo kumpenda. Usipomwagiza atasema hamkumhesabu. Ndivyo tulivyokuwa tukiamini, na ndivyo watu wanavyoamini mpaka leo.

Baada ya muda likaja boksi. Dereva wa lori ndiye aliyelileta, akasema, "Yona anawasalimu. Amesema mziweke vizuri, atakuja mwenyewe na mashine yake." Mama alilifungua mbio akitafuta kitenge. Zilikuwa santuri, kubwa na ndogo, zimepangwa na magazeti katikati zisikwaruzane. Kwenye makasha yake kulikuwa na watu weusi wenye nywele kama vichuguu, wengine wamevaa miwani usiku. Baba akaingiza mkono mpaka chini ya boksi, akasema, "Redio iko wapi?" Tulimwita mwalimu, yule yule aliyekuwa ananiulizia, akazisoma. Akasema hizi kubwa ni za Wamarekani weusi, hizi za jazz, hizi za soul, na hizi ndogo ni za bendi ya Yona mwenyewe. Mama akauliza, "Zinafanya nini?" Mwalimu akasema, "Bila mashine, mama, hazifanyi kitu."

Mashine haikuja. Yona hakuja. Mvua mbili zikapita, tukaanza kusema lile neno: amelowea. Kalowea huko, kapata mwanamke, kasahau kwao. Lilisemwa kwanza na majirani, likaingia ndani, mwisho tukawa tunalisema sisi wenyewe kwa urahisi kama tunavyosema mvua imechelewa. Mimi nililisema sana. Nilikuwa namkasirikia, na mtu akiwa na hasira na aliye mbali hana pa kuiweka, anaiweka popote.

Mwaka ule kwelea walikuja wengi kuliko kawaida. Nilikuwa kwenye dungu, mkono umevimba kwa kombeo, nikakumbuka lile boksi. Nikazitoboa kwa msumari wa moto pembeni, nikazifunga kwa kamba za katani, nikazitundika shamba zima. Hakuna aliyeniagiza, na hakuna aliyenikataza. Zikawa zinazunguka kwa upepo, zinamulika, na kwa siku za kwanza ndege walikimbia kabisa. Watu wakaja kuangalia. Baba akasema, "Kumbe mwanangu ametuletea kitu cha maana." Ni mara moja tu nilimsikia akimsifu Yona, na alimsifu kwa hilo.

Kisha jua likazikunja, zikawa kama majani makavu ya tumbaku, na ndege wakazizoea. Nilimwona kwelea mmoja amekaa juu ya santuri, inazunguka naye, ametulia kama mtoto kwenye bembea.

Habari ya kwamba amekufa tuliipata kwa mdomo, imechelewa sana, kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Tuliweka matanga bila kaburi. Bibi yako mpaka anaondoka duniani alikuwa akisikia lori linapunguza mwendo anainua kichwa.

Hayo mengine wewe ulikuwepo, lakini acha niyaandike nilivyoyaona mimi, kwa sababu siku ile sikukuambia.

Ulikuwa unasugua mtungi, wakati ule maji yalipokatika hapa Ipagala tukaurudisha kazini. Ukanyanyua mfuniko ukausugua na sabuni, ukausimamisha kwenye jua. "Mama, hii si mfuniko. Hii ni santuri." Nikakwambia ni mfuniko, bibi yako aliuchukua kabla sijautundika, akaziba tundu la katikati kwa nta ya nyuki sisimizi wasiingie, na umefunika maji tangu wewe hujazaliwa. Ukasema, "Mama, hii imekaa kivulini kwenye ubaridi maisha yake yote. Haijapinda." Ukaifunga kwenye kanga ukatoka nayo.

Nilikufuata mpaka kwa fundi redio Shabani pale Majengo kwa sababu nilitaka kukwambia haitalia. Nilikuwa naomba isilie. Shabani akaishika kama mtu anayeshika chapati ya moto, akainusa. "Shikamoo mama. Hii mliipikia nini?"

"Marahaba. Ilifunika maji."

"Basi wenzake wote wamekufa kwa vumbi, yeye alikuwa anaoga." Akatoa ile nta kwa ncha ya sindano, polepole, akapulizia. Karatasi ya katikati ilishaoza zamani, hapakuwa na jina la bendi wala la wimbo. "Tunapanda gari halina kibao," akasema. "Tutajua linakokwenda tukifika."

Akaiweka kwenye mashine yake ya santuri. Kwanza ilikuwa kama mafuta yanakaanga. Nikafikiri, nilisema mimi. Halafu likaja gitaa, linakata, linakata, na ngoma chini yake inatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Shabani akasema, "Aisee. Hii funk hii. Nani alipiga funk namna hii huku kwetu?" Wewe ukamwambia nyamaza. Halafu likaja tarumbeta.

Nyemo, lilipanda mara mbili, likaanguka. Kimya kidogo. Likapanda tena.

Wewe ulifikiri nimetoka nje kwa sababu ya joto la duka. Nilitoka kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimeyasikia majaruba. Na kuna kitu kingine ambacho sijui kama ulikisikia. Katikati pale, kwenye ule ukimya, kabla hajapanda tena, anavuta pumzi. Inasikika. Mtu amekufa miaka yote hii, hatukumzika, na hapo yuko anavuta pumzi mbele ya Shabani na redio zake mbovu. Ndiyo maana ulipouweka wimbo huo kwenye simu yangu sijawahi kuubonyeza. Uliniuliza mara nyingi, nikakudanganya kwamba chaji imeisha.

Alikuwa hajalowea. Mtu aliyelowea hapigi mwito wa shamba la baba yake mbele ya mashine, mji wa watu. Alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa nimewatundika wenzake wa wimbo huo kwenye kamba.

Wewe ndiye uliyenifundisha hayo mengine, jioni hizi zote, ukinitafutia kwenye simu zile za Wamarekani. Ulipokuwa ukinionyesha makasha yake nilikuwa nashika kifua. "Hii ilikuwepo. Hii nayo. Hii niliitundika karibu na mfereji." Yule mama anayeimba kama anamwita mtu ng'ambo ya korongo, na anajua huyo mtu anasikia ila hataki kuitika, yule nilimtoboa kwa msumari kwa mkono wangu huu. Yule wa piano anayegonga kidogo, ananyamaza, kama mgeni mwenye adabu mlangoni, naye pia. Nimewapenda watu hawa nikiwa nimezeeka, nakatakata vitunguu huku nawasikiliza. Na kila ninayempenda nakumbuka alivyokuwa anazunguka kwenye kamba. Sijui kama kuna neno la jambo hilo. Si huzuni tu. Ni kama kumtambua mtu mzuri siku unapozika.

Ukatuma namba zile zilizochongwa kwenye santuri yetu karibu na tundu kwa yule dada wa Nairobi anayekusanya santuri zilizosahaulika. Siku ile ile akapiga, amesahau hata salamu, anasema wimbo huo ameutafuta mpaka alifikiri ni uongo. Mambo yakaenda mbio. Akasikia tarumbeta lako, akasema bendi yake inataka kuzipiga upya nyimbo hizo na wewe ushike nafasi ya mjomba wako. Ukaruka juu. Mimi nikaenda uani, nikajifanya naanua nguo. Hapakuwa na nguo kwenye kamba.

Sasa nakuja kwenye kile ambacho hukijui.

Yule dada alimpata mpiga ngoma wa bendi ya Yona, Mzee Salehe, yuko hai bado hukohuko Nairobi. Ulimpa namba yangu, ukafikiri hakupiga. Alipiga juzi, uko mazoezini. Sauti ya mzee kabisa, ya mtu wa Tanga.

"Naongea na Kwelea?" akasema.

Nikamwambia amekosea namba.

"Sijakosea. Wewe ndiye uliyekuwa unatafuna mpunga mbichi kwenye dungu, kaka yako anakufukuza pamoja na ndege. Yona alikuwa akikutaja hana jina jingine."

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Shikamoo kaka. Ndiye mimi."

Akaniambia bendi ilirekodi, ikavuma kidogo, ikavunjika. Mwenye bendi akachukua vyombo vyake vyote, na tarumbeta la Yona lilikuwa lake. Yona akabaki anabeba mizigo sokoni. Nikamuuliza neno moja tu, lile ambalo mama yangu aliondoka nalo. "Kwa nini hakurudi?"

Akasema, "Alirudi, dada. Alifunga safari kabisa, tukamuaga. Baada ya siku chache namwona sokoni tena, na kigunia chake kilekile. Nikamwambia, wewe si ulikwenda kwenu? Akasema, nilifika Kondoa. Nikamwuliza, Kondoa kuna nini? Akasema, Kondoa ndipo mahali pa mwisho pa kujidanganya kwamba bado nitapata cha kununua njiani. Alilala pale, asubuhi akapanda gari la kurudi huku. Alikuwa anaona aibu. Alisema baba alitaka redio. Alisema kuna mdogo wake anataka viatu."

Mzee wa watu hakujua anachonipiga nacho. Akaendelea kunieleza habari ya kifua kilichomsumbua Yona mpaka mwisho, na kwamba walimzika vizuri, watu wa muziki walikuja. Nikamshukuru. Nikamwuliza hali ya afya yake, akaniuliza yangu, tukaagana.

Sisemi viatu ndivyo vilivyomuua. Kifua ndicho. Na nilikuwa mtoto, na watoto wanaagiza. Nimejiambia hivyo tangu juzi na ni kweli. Lakini kutoka Kondoa mpaka hapa si mbali, Nyemo. Mama Swaumu wa jirani huenda kwao Kondoa akageuza siku hiyohiyo. Alikuwa amekaribia hivyo. Tulikuwa kwenye dungu na kombeo, tunasema amelowea, na yeye yuko Kondoa anahesabu mikono yake.

Ndiyo maana naogopa. Siogopi sana wezi wala wanaume wa huko, ingawa hao nao nawaogopa kidogo. Nakuogopa wewe, kwa sababu nakujua. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, unakumbuka? Nilikuwa nimekwambia siku ile asubuhi, kwa mzaha wa kipumbavu, "Ukiwa na sifuri usinipitie hapa mlangoni." Hukupata sifuri, ulipata tu chini ya ulichotaka. Giza likaingia hujarudi. Nilizunguka kata nzima, nikafika mpaka kanisani, naita kama kichaa. Nilikukuta kwa Mama Swaumu, uani, unaosha vyombo. Akaninong'oneza, "Hivyo ni visafi, nimeshavitoa kabatini mara mbili. Nimemwacha aoshe, anaogopa kwenda kwenu." Ukuta mmoja tu ulikuwa umetutenganisha. Ulikuwa unanisikia nakuita.

Nilichukulia kwamba ni utoto, nikakuchapa na maneno, yakaisha. Baada ya simu ya Mzee Salehe nikaelewa kwamba ile ndiyo ilikuwa Kondoa yako ya kwanza. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa ndani kama baba, na redio ninayoitaka.

Wiki hii yote nimekuwa nawasikia wakija. Mjumbe anataka koti la baridi la Nairobi. Mwenyekiti wa kwaya anataka kitambaa cha sare. Mtoto wa dada yangu anataka simu. Mama Swaumu anataka ile mashine ya kusagia juisi aliyoiona kwenye harusi mliyopiga. Na wewe unasema, "Sawa, nitaleta. Sawa, nitaangalia." Unacheka kama alivyocheka Yona. Jana mzee wa kanisa amekushika bega kwa upendo kabisa akasema usirudi mikono mitupu, na mimi nikaangusha sufuria. Ulidhani mkono umeteleza.

Basi leo nilipotoka Mtumba sikuja moja kwa moja nyumbani. Nimewapitia wote, nyumba kwa nyumba, na kanga yangu ya kwendea msibani. Nimewaambia wafute maagizo yao. Mwenyekiti wa kwaya aliona nimechanganyikiwa. "Mama Nyemo, ni sare tu jamani, mtoto akipata." Nikamwambia hata akipata. Mjumbe amekasirika, amesema najidai kwa kuwa mtoto anakwenda nje. Mwache, atapoa, na koti lenyewe kwa jua hili la Dodoma sijui angelivalia wapi.

Mama Swaumu ndiye aliyebishana nami zaidi. "Yaani unanikataza nisimwagize mtoto niliyemfunga nepi?"

"Nakukataza."

"Ataona hatumpendi."

Nikamsimulia ya Kondoa. Ni kwao, anaijua ile stendi, alinionyesha kwa mkono hewani nyumba ya wageni ilipokuwa. Akajifuta uso na ushungi. Halafu akasema, "Juisi yenyewe mimi naikamua kwa mkono tangu nizaliwe. Mwambie mashine siitaki. Nikiiona mlangoni pangu nitamrushia nayo." Ndivyo alivyosema, nami nimekufikishia.

Kwa hiyo huna agizo la mtu, Nyemo. Ukikumbuka lolote ulilomwahidi mtu, ujue nimelirudisha kwa mwenyewe, na amelipokea.

Limebaki langu. Nilikuwa nalo, nisikufiche. Nilitaka kukuagiza hiyo santuri mpya mtakayoitengeneza, wewe ukiwa humo ndani. Nilishaliandika hapa juu, nimelikata kwa kalamu, utaona palipokatwa. Usiniletee. Ikitoka nitaisikia kwa njia zake, muziki una miguu. Na isipotoka, bendi ikivunjika, dada wa watu akibadilika, mdomo ukiugua usiweze kupuliza, au ukichoka tu bila sababu unayoweza kumweleza mtu, hakuna wa kukuuliza iko wapi.

Bado naogopa. Nilifikiri nikimaliza kuandika itapungua, haijapungua. Kesho stendi sitasema kitu, kwa sababu maneno ya kuagana yamezoea mdomo na najiogopa, naweza kulisema lile la mikono mitupu bila kujua. Nitakushika mkono, nitauachia, nitaondoka kabla gari halijatembea. Usidhani nina hasira. Usinitafute dirishani.

Na siku utakayorudi, njoo saa yoyote, na nguo yoyote. Usipige simu kwanza kunitayarisha. Sitaangalia begi. Sitakuuliza habari za huko, wala umekaa muda gani, wala kwa nini. Nitakuuliza kama umekula, na hata hilo hulazimiki kulijibu, nitapakua tu.

Mama yako.